Mzigo wa Mwenzio Katika Korido za Hospitali

Roboti ilikuwa ile ile, hospitali ile ile, na kazi haikubadilika: kuchukua mashuka, dawa na vifaa, kuvifikisha wodini, kisha kurudi kuchukua vingine. Kwa wauguzi wa wodi ya wazazi ilikuwa msaada. Walipisha njia ilipokuja, wakapokea mzigo, wakaendelea na shughuli zao. Katika wodi ya wagonjwa wa saratani, mashine hiyo hiyo ilitukanwa na kupigwa mateke.

Waliosimulia hayo ni Bilge Mutlu na Jodi Forlizzi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani. Kwa miezi 15 waliifuatilia roboti ya aina ya TUG katika hospitali moja ya nchi hiyo, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2008. Hawakukaa maabara kupima kasi ya magurudumu. Walikaa koridoni wakitazama watu.

Wodi ya wazazi ilikuwa na korido zenye nafasi na kazi inayokwenda kwa utaratibu. Wodi ya saratani ilikuwa imesongamana vitanda na vifaa, wauguzi wakikatizwa kila mara, wagonjwa wakiwa katika hali ngumu ya mwili na ya moyo. Katikati ya hayo inaingia mashine, inatangaza kwa sauti iliyorekodiwa kwamba imefika, wala haijui kuwa muuguzi aliye mbele yake ametoka sasa hivi kumfariji mtu. Binadamu akiingia namna hiyo huambiwa hana adabu. Wauguzi waliihukumu roboti kwa kipimo hicho hicho, na hawakukosea.

Utafiti huo una jambo jingine ambalo wauzaji wa mashine hizi hulipita haraka. Faida na usumbufu havikuwaangukia watu wale wale. Waliopunguziwa safari walikuwa wa idara zinazotuma vifaa. Wauguzi wa wodini waliongezewa kazi ya kuacha walichokuwa wakifanya, kuishughulikia roboti, kupakua na kuirudisha ilikotoka. Kwenye vitabu vya uongozi, hospitali ilikuwa imeokoa nguvu. Kwenye miguu ya muuguzi, nguvu ilikuwa imehama tu kutoka bega moja kwenda jingine.

Mjadala wa roboti za kubeba vifaa hospitalini ulistahili kuanzia hapo, na ni nadra kuanzia hapo. Mara nyingi huanza na picha ya mashine nyeupe yenye taa, viongozi wamesimama pembeni, utepe unakatwa. Nani alikuwa akibeba kabla ya mashine kufika? Alibeba nini, mara ngapi kwa siku, na jasho lake liliandikwa wapi?

Aliyeona mapema kwamba kubeba ni kazi inayostahili kufikiriwa alikuwa Joseph Engelberger, mhandisi wa Marekani ambaye wengi humwita baba wa roboti za viwandani. Kampuni yake ndiyo iliyoingiza mkono wa chuma uitwao Unimate katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey mwaka 1961. Mtu mwenye sifa hiyo angeweza kubaki viwandani. Mwaka 1984 alianzisha kampuni nyingine Danbury, jimbo la Connecticut, na macho yake yakawa hospitalini. Miaka minne baadaye roboti yake, HelpMate, ilikuwa ikitembea katika Hospitali ya Danbury.

HelpMate haikuwa na mikono wala uso. Ilikuwa kabati lenye magurudumu, linalojua njia na linaloweza kuita lifti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka sinia za chakula nje ya saa za kawaida, kwa mgonjwa ambaye mlo ulipita akiwa hayupo kitandani au hakuwa tayari kula. Engelberger hakuanza na upasuaji wala na jambo lolote la kutia watu mshangao. Alianza na sinia moja ambayo, bila mashine, lazima muuguzi ashuke jikoni kuifuata.

Safari kama hiyo ni ndogo, lakini safari ndogo hujumlishwa. Mwaka huo huo wa 2008, Ann Hendrich na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika katika hospitali 36 za Marekani, wauguzi 767 wakiwa wamefungwa vifaa vya kupima mwendo na matumizi ya muda wao. Kwa zamu ya mchana ya saa 10, muuguzi wa kati alitembea takriban kilomita 5. Wapo waliofika kilomita 8. Muda uliokwenda moja kwa moja kwenye kumhudumia mgonjwa ulikuwa chini ya moja ya tano ya zamu. Kuandika kumbukumbu kulikula zaidi ya theluthi. Hizo ni hospitali za nchi tajiri, zenye bohari zilizojaa na lifti zinazofanya kazi.

Kwa mtazamo huo, hospitali ya Chuo Kikuu cha California iliyofunguliwa Mission Bay, San Francisco, tarehe 1 Februari 2015, inafundisha mengi. Siku ilipofunguliwa ilikuwa na vitanda 289 na roboti 25 za TUG. Roboti hizi hubeba milo, mashuka, dawa, sampuli za maabara na taka. Kila moja ina ramani ya jengo kichwani mwake na vihisi vya leza na vya mawimbi ya sauti vya kuiambia kama kuna mtu, kitanda au ndoo mbele. Ikikuta kizuizi husimama, hupima, huzunguka. Ikifika mlangoni, mlango hufunguka kwa ishara isiyo na waya. Ikitaka kupanda, huzungumza na lifti kwa njia hiyo hiyo. Droo za dawa hazifunguki mpaka mhusika aingize namba ya siri na kuweka kidole chake. Betri ikipungua inarudi yenyewe kwenye kituo cha kuchaji.

Anayesoma orodha hiyo huona akili ya mashine. Mtu wa majengo huona kitu kingine. Milango imefungwa mitambo ya kuifungua. Lifti zimeunganishwa na mtandao. Sakafu ni laini bila kizingiti, mtandao unafika kila kona, umeme haukatiki. Jengo lilikuwa jipya, likaandaliwa kumpokea mgeni huyu kabla hajafika. Sehemu kubwa ya werevu unaosifiwa kwa roboti imo ndani ya kuta.

Waskoti walikwenda mbali zaidi. Hospitali ya Forth Valley Royal iliyopo Larbert, iliyoanza kufunguliwa mwaka 2010, iliamua kuzitenga roboti na watu kadiri ilivyowezekana. Zilipewa njia zao chini ya jengo na lifti zao wenyewe, zipitishe chakula, mashuka na taka mbali na macho ya wagonjwa. Tena zikagawanywa: zinazobeba vitu safi hazibebi vichafu. Yeyote aliyewahi kuona toroli moja likipeleka chakula asubuhi na mifuko ya taka mchana ataelewa uzito wa uamuzi huo. Na ni uamuzi ambao hauhitaji roboti. Unahitaji matoroli mawili na mtu wa kusimamia.

Kwa majengo ya zamani, yasiyoweza kubomolewa ili mashine ipite, ilikuja njia ya tatu. Andrea Thomaz na Vivian Chu walianzisha kampuni ya Diligent Robotics mjini Austin, Texas, mwaka 2017, na roboti yao, Moxi, ilipewa mkono mmoja. Mkono huo hubonyeza kitufe cha lifti na kufungua mlango kama afanyavyo mtu, hivyo jengo halilazimiki kubadilishwa sana. Kabla ya kuiingiza sokoni, wenye kampuni walikaa na wauguzi saa nyingi wakiwatazama wanavyohangaika na vitu vya kufuata huku na kule. Hicho ndicho kitendo cha kuigwa kuliko mkono wenyewe.

Afrika Mashariki imezionja roboti kwa njia yake. Mei 2020, wakati UVIKO-19 umefunga mipaka, Rwanda ilipokea roboti tano kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na baadhi yake zikapelekwa kituo cha matibabu cha Kanyinya, Kigali. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Akazuba ni kijua, Ikizere ni matumaini, Urumuri ni nuru. Zilipima joto la mwili, zikabaini asiyevaa barakoa, zikapeleka chakula na dawa vyumbani ili daktari na muuguzi waingie mara chache zaidi kwenye hatari. Mwaka 2021 Kenya nayo ilipokea tatu, zikaitwa Jasiri, Shujaa na Tumaini.

Hoja ya wakati ule ilikuwa nzito na ya wazi. Kila safari ya muuguzi kuingia chumba cha mgonjwa ilikuwa na bei, na bei hiyo ingeweza kuwa uhai wake. Hospitali za eneo hili zilikuwa na sababu ya kuhesabu safari za wafanyakazi wake moja baada ya nyingine. Hofu ilipoondoka, na sababu hiyo ikaonekana kuondoka nayo. Hilo ni jambo la kusikitisha.

Rwanda hiyo hiyo ilikuwa imeshaonyesha kuhesabu kunaleta nini. Tangu Oktoba 2016 kampuni ya Zipline imekuwa ikirusha droni kutoka Muhanga kupeleka damu katika hospitali za mbali, pakiti zikishuka kwa parachuti. Utafiti uliotoka mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health, uliochunguza safari zaidi ya 12,000, ulionyesha kuwa droni ilifika kwa wastani wa dakika 50 hivi, ikiokoa dakika 79 au zaidi ikilinganishwa na gari, na kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Matokeo hayo yalijulikana kwa sababu kila safari iliandikwa.

Lakini fuata ile pakiti baada ya kugusa nyasi. Imeruka juu ya milima na mabonde kwa kasi isiyowahi kuonekana, sasa imelala uani. Kutoka hapo hadi kitanda cha mama anayevuja damu baada ya kujifungua kuna mita mia kadhaa, ngazi, mlango, na mtu. Droni imefika, mtu yuko wapi?

Katika hospitali nyingi za umma Tanzania, Kenya na nchi jirani, jibu linajulikana na kila aliyewahi kuuguza. Mtu huyo ni ndugu wa mgonjwa. Ndiye anayepewa kichupa cha damu na karatasi, akaambiwa apeleke maabara, jengo la pili kushoto. Ndiye anayesubiri majibu dirishani, anayeyarudisha wodini, anayeambiwa dawa hii haipo hapa akaitafute nje. Anasukuma machela kwenda chumba cha eksirei. Anapanda na chupa ya chai na kushuka na nguo za kufua. Shangazi aliyetoka kijijini jana, asiyejua herufi zilizoandikwa juu ya milango, anauliza njia kwa mlinzi. Sampuli ikipotea, au ikikaa juani hadi kuharibika, hakuna daftari linaloonyesha ilipitia mikono ya nani.

Na asiye na ndugu? Mgonjwa aliyeletwa na wasamaria baada ya ajali ya bodaboda, akalazwa bila simu wala jina? Mzigo wake unabebwa na mhudumu au muuguzi mwenye huruma, katikati ya zamu ambayo tayari imezidi uwezo wake. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ilishafikia takriban 1,800. Hata kila kitanda kikihitaji safari kumi tu kwa siku za sampuli, dawa, chakula, mashuka na majibu, hospitali hiyo moja ingekuwa na safari 18,000 kati ya asubuhi na asubuhi. Hilo ni zoezi la hesabu tu, lakini lionekane angalau kama zoezi, maana kwa sasa halionekani kabisa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Historia ya eneo hili imelijua kanda hilo kwa muda mrefu. Wapagazi walibeba pembe na nguo kati ya Bagamoyo na Ujiji. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki kuwabebea majeshi vyakula na risasi, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa bunduki. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni hadi leo: ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Masoko yamepata jina, lakini wabebaji wengi hawana hata kaburi lenye majina yao. Jamii iliyopitia hayo ina kila sababu ya kukataa kwamba kubeba ni kazi isiyo na hesabu.

Kwa hiyo, je, roboti zije? Zije, lakini zisije kama zawadi iliyofungwa utepe. Lora Perry na Robert Malkin, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, walikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu asilimia 38 havifanyi kazi. Kila hospitali kubwa ina chumba au banda lake la nyuma ambako mashine za msaada zimelala na vumbi, moja ikisubiri kipuri, nyingine ikisubiri fundi, ya tatu ikisubiri kitabu cha maelekezo kwa lugha inayosomeka. Roboti inayotegemea mtandao, betri, lifti na programu inayosasishwa kutoka ng'ambo inaweza kuingia banda hilo mapema kuliko mashine ya kawaida. Pale ambapo lifti imebandikwa tangazo la "mbovu" kwa miezi, roboti haitafika ghorofa ya pili.

Kuna pia suala la usalama, na si la kinadharia. Mwaka 2022 kampuni ya Cynerio, inayoshughulika na usalama wa mitandao ya hospitali, ilitangaza kasoro tano katika mfumo unaoziongoza TUG. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuushika usukani wa roboti akiwa mbali na kutazama kupitia kamera zake. Watengenezaji walizirekebisha. Walikuwa na wataalamu wa kuzirekebisha, na wateja wao walikuwa na watu wa kufuatilia kama marekebisho yamewekwa. Hospitali isiyo na hata mmoja wa kundi hilo inanunua mlango bila komeo.

Linalowatia hofu wahudumu ni ajira, na hofu yao isibezwe. Mhudumu wa wodi analipwa kidogo, anabeba sana, na cheo chake hakitajwi kwenye hotuba. Akisikia mashine imekuja kubeba, anasikia kwamba amekuja mtu wa kuchukua kiti chake. Katika hospitali ambako ndugu ndio wabebaji wakuu, ukweli ni kwamba wahudumu ni wachache mno, si wengi mno. Fedha za roboti moja ya kigeni pamoja na mkataba wake wa matengenezo zikiwekwa mezani, ni haki waambiwe wazi zingeajiri wahudumu wangapi, zingenunua matoroli mangapi yenye magurudumu yasiyolia na kukwama, zingetengeneza lifti ngapi. Baada ya hesabu hiyo, kama roboti bado inashinda, wataipokea kwa moyo tofauti. Inaweza kushinda mahali fulani: bohari kuu ya hospitali mpya ya ghorofa nyingi usiku wa manane, mapipa mazito ya mashuka machafu yanayovunja migongo ya wanawake wa sehemu ya kufulia, wodi ya kutenga wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Kazi nzito, chafu na ya hatari ndiyo ianze kupewa mashine. Kichupa cha damu cha mtoto kinaweza kuendelea kushikwa na mkono wa mtu aliyefunzwa, anayelipwa, na anayetia sahihi.

Wizara na bodi za hospitali hazina sababu ya kusubiri mnunuzi wala mfadhili. Kwa wiki moja, katika wodi moja, liwekwe daftari kwenye meza ya wauguzi. Kila anayetoka kufuata au kupeleka kitu aandikwe: saa aliyotoka, alichobeba, alikokwenda, saa aliyorudi. Liwe na safu ya muuguzi na safu ya mhudumu. Liwe na safu ya tatu kwa ajili ya yule shangazi, na muuguzi wa zamu amwandikie yeye mwenyewe asipoweza, kila anapopewa kichupa na kuelekezwa jengo la pili kushoto.